Mama Jewajua anapita shule kwa shule kufuta maneno yake kuhusu radi

Saa moja na nusu asubuhi, wanafunzi zaidi ya mia tatu wamesimama mstarini kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo mlimani, mikono nyuma, macho kwa mgeni. Mgeni ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tatu, mwenye sketi ya bluu na koti la sare lililopauka mabegani. Miguuni pake kuna mzigo uliofungwa kwa shuka. Kabla hajafungua mdomo, anainua uso kutazama mawingu. Tangu ateremke kwenye pikipiki ameshayatazama mara nne.

"Hamjambo walimu. Hamjambo wanangu."

"Hatujambo! Shikamoo!"

"Marahaba. Nani hapa alikuja kwetu makumbusho mwaka jana?"

Mikono kama arobaini inapanda.

"Mnanikumbuka?"

"Mama Jewajuaaa!"

Anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Niliwaambia nini kuhusu radi na viatu vya raba?"

Jibu linakuja kwa sauti moja, kama watoto wanavyoimba jedwali la kuzidisha: mwenye viatu vya raba hapigwi na radi.

"Na mtu aliyepigwa na radi?"

"Haguswiii! Ana umeme!"

Anafumba macho kidogo. Baadaye, akiwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, anasema jibu hilo hulipata kila shule, bila kosa. "Wameyashika vizuri mno," anasema. "Ningekuwa mwalimu mbaya ningekuwa na nafuu."

Lakini pale mstarini hasemi hayo. Anavuta pumzi na kupaza sauti: "Wanangu, nilikosea. Yote mawili si kweli. Nimekuja kuyachukua."

Kisha anafungua shuka. Ndani kuna kifua cha mtu kilichoshonwa kwa kitambaa cha kaki, hakina kichwa wala mikono. Wanafunzi wa mbele wanaruka nyuma, wa nyuma wanasukumana waje mbele. Mwalimu wa zamu anapiga makofi kutuliza mistari.

Hii ni shule ya thelathini na nane. Zote ziko sitini na nne.

Mama Jewajua hakuanza kazi kama mtoa maelezo. Miaka ishirini na moja iliyopita aliajiriwa kufagia kumbi tatu za makumbusho madogo ya sayansi na viumbe, jengo la ghorofa moja lenye sakafu ya vigae vyekundu na harufu ya dawa ya kuhifadhia wanyama. Kulikuwa na mtoa maelezo wa kiume, mtu wa maneno matamu, na yeye alimfuata nyuma na ufagio kwa miaka sita.

"Nilifagia nikisikiliza," anasema. "Akisema mara ya kwanza, napita. Akisema mara ya mia, na mimi ninayo."

Siku moja yule bwana aliugua, na mabasi mawili ya wanafunzi yakawa yameshaegeshwa nje. Msimamizi wa wakati huo alitazama huku na huku, akamwona mwenye ufagio. "Unaweza?" Akaweza. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye ufagio, ingawa hadi leo akiona vumbi kwenye kabati la kioo hulifuta kwa mkono wa koti.

Jina walimpa watoto, kwa sababu kila jambo analianza kwa "Je, wajua?" Je, wajua twiga na wewe mna idadi sawa ya mifupa ya shingo? Anawaacha wahesabu mifupa iliyotungwa kwenye waya, saba, kisha wapapase shingo zao. Je, wajua pweza ana mioyo mitatu, na damu yake ina rangi ya bluu? Hapo watoto humwonesha mishipa ya mikono yao, wakidai na wao wanayo ya bluu. Anawaambia hapana, damu ya binadamu ni nyekundu popote ilipo, ngozi ndiyo inayolaghai macho. Popo haoni? Anaona. Mbuni anaficha kichwa mchangani? Hajawahi, huinama kugeuza mayai yake. Kinyonga hafanani na kila kiti unachomwekea, hubadilika kwa joto, kwa hasira, au akitafuta mchumba. Na kule kwenye sayari ya Zuhura, siku moja ni ndefu kuliko mwaka mzima.

"Kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu uongo kichwani," anasema, akikunja na kukunjua ncha ya shuka. "Kumbe na mimi nilikuwa nauingiza kwa mlango wa nyuma."

Aligundua siku ya Alhamisi, miezi mitano iliyopita, mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa ukumbi wa tatu na wanafunzi sitini, mbele ya picha kubwa ya radi inayopasua anga. Mzee mmoja mrefu alikuwa ameingia kupumzika akisubiri miwani yake kwenye duka la jirani. Alisimama nyuma ya watoto, akasikiliza mpaka mwisho. Watoto walipotoka kwenda kula vitafunio, akamsogelea.

"Mama, samahani. Unaongea vizuri, nimefurahi sana. Ila hilo la raba litaua mtu."

Mama Jewajua alidhani ni wale wageni wanaopenda kubisha. "Lakini raba haipitishi umeme, mzee wangu."

"Haipitishi umeme wa nyumbani. Hata hewa haiupitishi. Sasa radi imeipasua hewa kutoka wingu hadi ardhini, kilomita nzima na zaidi. Hiyo soli yenye unene wa kidole itaiambia nini?"

"Na mtu akiwa kwenye gari? Si matairi yanamkinga?"

"Si matairi, mama. Ni bati. Umeme unapita nje ya bodi unashuka chini, wewe uko ndani. Ingekuwa matairi, mwenye pikipiki angepona."

Mzee huyo alikuwa fundi wa nguzo za umeme kwa miaka thelathini na nne, sasa ni mstaafu. Aliuliza jambo moja zaidi: lile la kutomgusa mtu aliyepigwa, nani alimwambia? Mama Jewajua alilisikia likisemwa, akalisema.

"Tulikuwa vijana sita kazini, mwenzetu akapigwa na radi," mzee alimwambia. "Tukasimama tunamtazama, kila mtu anaogopa kushika. Baadaye sana ndiyo tukaelezwa kwamba radi ikishapita, mwilini haibaki kitu. Mtu moyo umesimama, pumzi imekata. Ukimwahi ukamkandamiza kifua, anaweza kurudi. Sisi hatukumwahi."

Akatazama saa yake, akashukuru, akaenda kuchukua miwani.

"Hakugomba," anasema Mama Jewajua. "Angegomba ningejitetea."

Jambo linalomsumbua zaidi ni la dakika kumi zilizofuata. Wale watoto sitini walirudi, na akaendelea na Zuhura. Alijua tayari, na hakusema. "Nilijiambia ngoja nihakikishe kwanza. Nikawaangalia wanapanda basi. Waliondoka na uongo wangu, na mimi nikiwa najua ni uongo."

Jioni hiyo alimpigia simu mdogo wa mume wake, anayefundisha fizikia sekondari.

"Shemeji, huyo fundi amesema kweli tupu," akajibiwa.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Shemeji, mimi makumbusho yenu sijawahi kuja."

Mumewe ni fundi viatu, hukata soli kutoka kwenye matairi yaliyochakaa. Alimsikiliza hadi mwisho, akaweka nyundo chini. "Mama watoto," akasema, "watu watadhani ulikuwa unanitafutia wateja." Walicheka wote wawili. Kisha yeye akaanza kulia, na mume hakujua afanye nini isipokuwa kumletea maji.

Kuanzia hapo alianza kuogopa mawingu. Binti yake wa kwanza, anayefanya kazi kwenye duka la fotokopi na kupiga chapa, anasema mama yake akisikia ngurumo huacha anachofanya na kwenda kusimama mlangoni. "Anasimama kama mlinzi. Nikimuuliza, Mama, unatazama nini, ananiambia, watoto wako njiani saa hizi."

Miaka kumi na mitano ya kutoa maelezo ni watoto wengi, hata hajui wangapi. Vitabu vya wageni vilikuwa stoo. Vya zamani vilikuwa vimeliwa na mchwa, vimebaki majalada. Vilivyosalimika vilikuwa vya miaka mitatu ya mwisho. Alivipitia ukurasa kwa ukurasa wakati wa chakula cha mchana, akanakili majina ya shule kwenye daftari la mistari. Sitini na nne.

Msimamizi wa sasa wa makumbusho ni kijana kwake, humwita mama. Alipoelezwa, alifunga mlango wa ofisi.

"Mama, acha kuyasema kuanzia leo. Inatosha."

"Na walioshaondoka nayo?"

"Watoto wanasahau."

"Hawasahau, bosi. Ndiyo kazi uliyonipa, wasisahau."

Msimamizi mwenyewe hakatai kwamba alimzuia. "Niliogopa," anasema, akizungusha kalamu juu ya meza yake. "Tunaishi kwa safari za shule. Ikisikika kwamba tulifundisha mambo ya uongo, nani ataleta basi hapa? Nina wafanyakazi tisa." Mkataba wa Mama Jewajua huongezwa kila mwaka. Wa sasa una miezi miwili kuisha, na hakuna aliyemwambia kama atapewa mwingine.

Aliomba likizo yake yote ya siku ishirini na nane. Ilipokwisha, akabaki na Jumanne, siku ambayo makumbusho hufungwa. Binti hupiga simu shuleni kuomba nafasi; baba hutoa nauli. Nauli ya shule za mbali, kwenda na kurudi, ni sawa na mshahara wake wa siku mbili.

Shule ya kwanza aliyokwenda ilikuwa ya wale sitini.

Kila mahali alipokewa kivyake. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia getini kwamba hawanunui vitabu. Mwingine alidhani ni mhubiri, akamuuliza yuko dhehebu gani. Wa tatu alimkatalia kabisa: "Ukiwaambia watoto kwamba ulikosea, kesho wataniuliza na mimi nimekosea wapi." Pale alingoja nje ya geti mpaka saa ya kutoka, akaongea nao barabarani wakiwa wamebeba mabegi, mpaka sauti ikakauka.

Watoto nao hawakumrahisishia. Walimbishia. Bibi amesema nguo nyekundu inaita radi. Baba amesema ufunike kioo cha kabati. Mjomba amesema radi haipigi mahali pamoja mara mbili, kwa hiyo pale ilipopiga ndipo pa kusimama. Alijibu moja moja. Radi haichagui rangi, haina habari na kioo chako, na mnara mmoja mrefu unaweza kupigwa mara nyingi kwa mwaka. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya nyumba ya kudumu au gari lililofungwa. Usikimbilie mti. Kaa ndani nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Katika shule ya kumi na mbili, msichana wa darasa la sita alinyoosha mkono. "Mama, ile siku ulisema ni kweli. Leo unasema hii ndiyo kweli. Tutajuaje?"

Walimu walicheka. Yeye hakucheka. "Niliwapita walimu, nikamsogelea," anakumbuka. "Nikamwambia, mwanangu, usiniamini mimi. Kamuulize mwalimu wako wa sayansi. Kamuulize muuguzi. Ukikutana na fundi umeme, muulize. Wakikubaliana, basi shika hilo. Wasipokubaliana, nipigie." Akaandika namba yake ubaoni. Msichana alipiga baada ya siku tisa. Alisema wamekubaliana.

Alikuwa amemaliza shule thelathini mvua zilipoanza kule bondeni, mapema kuliko ilivyozoeleka. Binti alipiga simu shule ya thelathini na moja kupanga siku. Mwalimu mkuu msaidizi akamjibu: "Mwambie mama asije wiki hii. Tumepigwa."

Walimu watatu na mpishi wa shule hiyo walisimulia kilichotokea. Ilikuwa saa tisa alasiri, manyunyu yakianza. Ngurumo zilisikika mbali. Wanafunzi walikuwa wanakimbilia madarasani, na mwalimu wa michezo alibaki uwanjani kukusanya mipira karibu na milingoti ya chuma ya goli. Mwanga ulipopita, alikuwa chini.

Mwalimu mwenzake, mwanamke, alimkimbilia. Wanafunzi wawili wakamshika mikono kwa nguvu zao zote. "Mwalimu, usimguse! Ana umeme! Mama Jewajua alisema!"

Akasimama.

Alisimama kwa muda gani, hakuna anayejua kwa hakika. Mmoja anasema dakika moja, mwingine mbili. Mwalimu huyo mwenyewe anasema kwake ni kama bado amesimama. Mpishi ndiye aliyetokea jikoni akiwa na unga mikononi, akapiga kelele wampishe, akapiga magoti kwenye tope. Zamani alipika katika hospitali, na huko wafanyakazi wote walifundishwa kukandamiza kifua.

"Mimi makumbusho sijawahi kukanyaga," anasema mpishi. "Sikujua kama haguswi. Nilijua tu kwamba hapumui."

Mwalimu wa michezo alipumua tena kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika.

Mama Jewajua alisafiri kwenda bondeni baada ya wiki mbili, mwalimu aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Hakuna aliyemwita. Alimkuta mke wa mwalimu barazani, akishona mashuka kwa cherehani.

"Karibu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni yule wa makumbusho."

Cherehani ikanyamaza. "Uliyewaambia wasimguse."

"Ndiye mimi."

Yule mke hakumpa kiti. "Sikio la kulia halisikii," akasema. "Mkono unatetemeka. Juzi kanitazama, kasahau kijiko kinaitwaje. Kila akisahau kitu, mimi nahesabu ile dakika. Sijui kama ndiyo iliyomfanya hivi. Daktari naye hajui. Wewe unajua?"

"Sijui, dada yangu."

Mwalimu mwenyewe akatoka ndani polepole, akishika ukuta. Akamuuliza mgeni kama amepewa maji. Alipoambiwa ni nani, alimtazama kwa muda akitafuta maneno.

"Mimi ndiye niliyewaleta wale watoto kwako," akasema. "Mwaka juzi. Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nami nilisikia."

Akaendelea. "Siku ile ngurumo niliisikia. Nikasema, mimi nimevaa raba. Acha nimalize mipira."

Mama Jewajua anapofika hapa katika kusimulia husimama, hutembea hatua chache, hurudi kuketi. Anasema alikuwa amejiandaa kwa habari ya dakika ile. Hii ya viatu hakuwa amejiandaa nayo. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akalia bila kujificha uso.

Mke wa mwalimu alimwacha alie. Kisha akauliza: "Shule ngapi zimebaki?"

"Thelathini na nne, pamoja na hii yenu."

"Sasa unakaa hapa kunililia unangoja nini?"

Akainuka. Kesho yake asubuhi alikuwa mstarini mbele ya shule ile, na wale wanafunzi wawili waliomshika mwalimu mikono walikuwa safu ya pili. Aliwaita mbele. Aliwaambia mbele ya wenzao kwamba walifanya walichofundishwa, na aliyewafundisha ni yeye, na kosa ni lake. Mmoja alilia. Mwingine, anasema, alimtazama tu, "na ana haki ya kunitazama hivyo."

Kabla ya kuondoka bondeni, mpishi alimfundisha kukandamiza kifua kwenye sakafu ya jiko la shule, juu ya gunia la maharage. Aliporudi mjini akaenda zahanati kumwonesha muuguzi, asije akabeba kosa lingine. Muuguzi alimrekebisha mikono: katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, kwa nguvu, haraka, mara mia hadi mia na ishirini kwa dakika, na mtu mwingine akaite msaada wakati huohuo.

Wiki moja baadaye simu ililia. Ni mke wa mwalimu. Alikuwa amesikia kwa mpishi habari ya gunia la maharage. Akamwambia aje achukue kitu.

Kilikuwa kile kifua cha kaki. Amekijaza vipande vya nguo na sponji ya kiti cha zamani, na katikati ameweka springi ya godoro ili kikikandamizwa kirudi juu. Mishono yake ni ya mara mbili.

"Sijakusamehe," alimwambia akimkabidhi. "Nimeshona tu."

Habari za bondeni zilimfikia pia msimamizi wa makumbusho. Alimwita ofisini, akampa barua ya utambulisho yenye muhuri, ili walimu wakuu wasimwache getini. Alimwomba jambo moja, kwamba huko mashuleni asitaje jina la makumbusho.

"Nikamwambia, bosi, koti lina jina mgongoni," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka mpaka mwisho.

Katika ukumbi wa tatu, picha ya radi bado ipo. Chini yake imebandikwa karatasi iliyopigwa chapa na binti: maelezo yaliyokuwa yakitolewa hapa kuhusu viatu vya raba na kumgusa aliyepigwa na radi hayakuwa sahihi, yaliyo sahihi ni haya. Msimamizi ameiona, hajaitoa. Kuhusu mkataba, anasema bodi itakaa.

Huku mlimani, zamu ya kukandamiza imefika darasa la tano. Wanapiga magoti wawili wawili, wanahesabu kwa sauti. Msichana mmoja mwembamba anakandamiza mpaka jasho linamtoka, wenzake wanamshangilia kama yuko kwenye mbio. Mama Jewajua anamwinamia. "Nyoosha viwiko. Hivyohivyo. Usimwonee huruma, huyu hapumui."

Kwa mbali, nyuma ya mlima, kunasikika mngurumo. Mdogo tu, kama mtu anayeburuta meza chumba cha pili. Walimu wawili wanaendelea kuzungumza. Yeye ameshanyanyuka.

"Ndani! Wote ndani, sasa hivi! Acheni hicho, acheni, ndani!"

Mwalimu mkuu anatazama anga, ambayo nusu yake bado ni ya bluu. "Mama, mbona iko mbali?"

"Ukiisikia, haiko mbali, mwalimu. Twende."

Uwanja unabaki mtupu, na kifua cha kaki kimelala majanini. Anakaa mlangoni mwa darasa la tano kwa dakika arobaini, saa mkononi, akihesabu upya kila ngurumo inaporudia. Hamruhusu hata mwalimu wa zamu kwenda kukichukua. Watoto wanamuuliza maswali ya pweza. Anajibu, ila macho yako nje.

Mvua hainyeshi. Wingu linapita upande wa pili wa mlima, ambako kuna shule mbili katika daftari lake ambazo hajazifikia.

Zimebaki ishirini na sita. Akienda shule mbili kila Jumanne, atamaliza baada ya miezi mitatu, na mvua kubwa hazitangoja kiasi hicho. Kwa hiyo amebadili mpango. Kila shule anayofika sasa anachagua wanafunzi wanne na mwalimu mmoja, wanafundishwa mpaka waweze, nao wanaahidi kwenda shule ya jirani. Tatu kati ya zilizobaki zimeshafikiwa hivyo, na ameomba apigiwe simu na walimu wakuu wenyewe ndipo atie alama. Kwa zile ambazo majina yake yaliliwa na mchwa, binti ameandika barua kwa redio mbili kuomba dakika tano za mama yake kusema kwa sauti yake. Redio moja imejibu kwamba itamwita.

Mkataba usipoongezwa? "Nitaendelea kwa koti jingine," anasema.

Pikipiki imefika kumchukua. Mwalimu mkuu anamsindikiza hadi getini, anamwambia kwa wema kwamba asijali sana, pengine mwaka huu mvua zitachelewa huku juu.

Anatikisa kichwa, akifunga shuka fundo la pili.

"Siombi zichelewe, mwalimu. Watu wameshapanda mbegu," anasema. "Naomba mimi niwahi."